Nadhiri ya Miguu Mitupu

Maneno ambayo Bhagirath Kushwaha, fundi wa baiskeli wa mji wa Semrai, aliyatamka hekaluni mbele ya mungu wa kike, Mama Kankali, katika siku ya nane ya sikukuu ya Navaratri yalikuwa machache. Mkewe Phulwati, aliyesimama ubavuni mwake ameshika nazi, aliyasikia yote: "Mama, sitavaa viatu mpaka mtu huyu awe Waziri Mkuu." Hakuongeza neno; mtu mwenyewe alikuwa kiongozi wa chama alichokiunga mkono. Walivunja nazi, wakashuka ngazi za kilima, na huko chini Bhagirath akamwachia makubazi yake Sukhlal, mshona viatu aliyekaa miaka yote penye ngazi ya kwanza akilinda viatu vya waumini, maana kwa Mama hakupandwi na viatu.

"Nitunzie haya."

"Mpaka lini, kaka?"

"Mpaka ashinde."

"Basi nijenge ghala kabisa," alisema Sukhlal, kwa kuwa wakati ule chama cha mtu yule kilikuwa na viti bungeni vichache kuliko meno ya bibi kizee.

Nadhiri ilikuwa hiyo tu. Mengine yote yalitoka gazetini.

Dwarka Dubey, katibu wa chama hicho wilayani, alipozipata habari hizo alimleta mwandishi, na kesho yake picha ya nyayo za Bhagirath ikachapishwa pamoja na maelezo kwamba fundi huyo ameapa kutovaa viatu mpaka Waziri Mkuu amvishe kwa mkono wake mwenyewe. Phulwati, aliyesoma hadi darasa la tano, aliisoma habari hiyo mara mbili.

"Hukusema hivi, Baba Kamlesh," alimwambia mumewe.

"Si maana ni ile ile?"

"Si ile ile hata kidogo."

Bhagirath aliikata habari ile kwa kisu cha kukatia tyubu, akaibandika kwenye ukuta wa karakana, chini ya picha ya mungu Hanumani. Alijua hata wakati ule kwamba maana haikuwa ile ile. Lakini alikuwa ameziba pancha kwa miaka ishirini bila jina lake kuandikwa popote isipokuwa kwenye kadi ya mgawo wa ngano, na aliona vigumu kulisahihisha gazeti ambalo hatimaye lilikuwa limemwona.

Wala hakumpenda mtu yule kwa ujinga. Alikuwa amezoea wakubwa waliokwenda hekaluni kwa kujificha, kama waendao kwa mganga. Huyu alikwenda mchana kweupe, akaingia bungeni na tilaki, alama ya ibada, ingali mbichi kwenye paji la uso. Kwa Bhagirath hilo lilitosha. Phulwati naye alimpenda, kwa kiasi chake. "Hata mimi nilimpa kura," alizoea kuwaambia majirani. "Ila kura nilipiga kwa kidole, sikupiga kwa mguu."

Uchaguzi wa kwanza mtu yule alishindwa. Bhagirath akaendelea kukanyaga lami ya mwezi wa tano, ile inayonata kama sukari guru, na vumbi la chuma la karakana yake mwenyewe. Katika mwaka wa sita wa nadhiri akagundulika kuwa na kisukari. Katika wa nane, kipande cha spoki kilimchoma chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na pale pakaota kidonda kilichokataa kufunga. Muuguzi wa zahanati hakuzungusha maneno. "Ukiendelea kutembea hivi, kidole kitakwenda. Kidole kikienda, mguu utaona njia."

Mwezi wa tano wa mwaka huohuo, mtu yule alishinda.

Ngoma zilivuma Semrai tangu saa nne asubuhi. Ladu, vile vitufe vitamu vya sherehe, ziligawiwa mpaka mbwa wakashiba. Phulwati hakungoja hata moja. Alikwenda sokoni, akanunua kandambili laini za mpira, akapenya katikati ya wachezaji hadi karakana, akapiga magoti mbele ya mumewe. Mkono wa Dubey ukafika kabla kandambili hazijafika.

"Shemeji! Shemeji, usituharibie historia!"

"Historia gani, Bwana Katibu? Ameshinda. Imekwisha."

"Nchi nzima inangoja picha hiyo. Mkono wa kiongozi, mguu wa mwananchi! Baada ya kuapishwa tu, namleta hapa."

"Huo mguu unanuka."

"Mguu wa mtawa huo, shemeji. Unanukia."

"Lala nao wewe basi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Watu walicheka, na Bhagirath akacheka pia, lakini miguu yake aliirudisha chini ya kiti. Phulwati akabaki na kandambili mkononi kama mgeni aliyeleta zawadi kwenye nyumba iliyofungwa.

Baada ya kuapishwa ikawa baada ya mvua. Baada ya mvua ikawa baada ya sikukuu ya Dasara. Kila tarehe ilipopita, Dubey alileta nyingine, na kila alipoileta alikuwa amevaa viatu. Phulwati alimwendea Panditi, kuhani wa hekalu, akamwomba aamue kama nadhiri imetimia au la. Kuhani alisema kwamba nadhiri ni kati ya mtu na Mama, na Mama hana chama. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa barabara ya lami mpaka mlangoni pa hekalu, akasema kwamba hata hivyo gazeti nalo lina uzito wake.

"Mimi nilikuwepo, Panditi. Gazeti halikuwepo."

"Wewe ni mkewe, dada. Ushahidi wa mke ni mapenzi."

Katika mwezi wa kumi na moja, hatimaye, Waziri Mkuu alikuja makao makuu ya wilaya jirani. Bhagirath alisafirishwa kwa gari la chama tangu alfajiri, mguu wake umefungwa kitambaa cha rangi ya chama, na Phulwati akiwa nyuma na boksi la viatu vyeusi vya kung'aa alivyonunua Dubey. Uwanjani waliwekwa ndani ya uzio wa mianzi pamoja na wenye nadhiri wengine: mmoja hakuwa amekata nywele kwa miaka mitano, mwingine hakuwa amelamba chumvi. Bhagirath aliwatazama, na kwa mara ya kwanza ikampitikia kwamba hakuwa peke yake. Fikra hiyo haikumfariji.

Walipoitwa jukwaani, askari wa mlangoni alilifungua boksi.

"Nini hiki?"

"Viatu vya kuvishwa na Waziri Mkuu," alisema Dubey. "Imepangwa."

"Kiatu? Karibu na jukwaa?" Askari alimgeukia mwenzake. "Hebu njoo umwone huyu. Anataka kupita na kiatu mkononi!"

"Si cha kurusha, ndugu yangu! Ni cha kuvaa!"

"Wote husema hivyo. Kiatu kinaingia kikiwa mguuni, au hakiingii."

"Hawezi kukivaa! Akikivaa nadhiri imevunjika!"

"Basi na abaki peku."

Dubey alipiga simu kwa huyu, akapiga kwa yule. Kwa mbali Waziri Mkuu alihutubia dakika kumi na moja, akaunganisha viganja kuwasalimu watu, na helikopta yake ikanyanyuka ikiwamwagia vumbi wenye nadhiri wote kwa usawa. Bhagirath alitafuta mtu wa kumkasirikia. Kiongozi hakuwa amemwambia avue viatu. Askari alikuwa akifanya kazi yake. Hata Dubey, aliyekuwa anatokwa na machozi ya kweli, alikuwa amehangaika. Hasira yake ilizunguka kama kunguru juu ya uwanja, ikakosa pa kutua.

"Atakuja tena," alisema Dubey. "Uchaguzi wa jimbo uko karibu. Miezi kumi na minne tu, kaka."

Phulwati alilitua boksi katikati ya barabara, akaenda kutafuta basi la kumpeleka mumewe hospitali.

Kidole kilikatwa siku ya tatu. Daktari alisema kwamba kingepona kama mgonjwa angevaa viatu tangu mwezi wa tano. Bhagirath alimwuliza mara mbili kama ana uhakika ni mwezi wa tano.

Mwezi mmoja baadaye alishuka kwenye rikisho la baiskeli mbele ya ngazi za kilima, mguu umefungwa plastiki juu ya bandeji, mkewe amemshika kwapa.

"Sukhlal, siku ile nilikwambia nini?"

"Siku ya makubazi? Nilikuuliza mpaka lini, ukasema mpaka ashinde." Mshona viatu alikuwa tayari anapekua chini ya gunia lake. "Kashinda tangu msimu ule wa joto. Nikasema huyu mwenzangu kapata viatu vya wakubwa, kanisahau."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Aliyeandika gazeti alipita hapa, akaniachia viatu vyake, akapanda."

Makubazi yalikuwa yamepakwa mafuta kila mwaka. Lakini mguu uliotembea peku karibu miaka minane hutanuka kama unga ulioumuka, na hata ule uliopungukiwa kidole haukuingia. Sukhlal aliufumua mkanda, akaongeza kipande cha ngozi, akashona huku Phulwati akimshikia uzi na kumhimiza. Kisha Bhagirath akavaa. Alitembea hatua ishirini kuelekea kibanda cha chai, akageuka, akarudi.

"Panda ukamwambie Mama," alisema mkewe.

Hapo ndipo wote watatu walipokumbuka. Bhagirath aliyatazama makubazi yake, akazitazama ngazi, akamtazama Sukhlal, ambaye alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuyapokea kwa mujibu wa kazi yake.

Alipanda polepole, peku, mkewe nyuma yake, akipumzika kila ngazi ya kumi. Mbele ya Mama alifumba macho. Kwa miaka minane alikuwa ndiye mtu pekee hekaluni asiyewaza viatu alivyoviacha chini; sasa maneno ya shukrani hayakuja, na yaliyokuja yalikuwa malalamiko, naye aliona aibu kumpa Mama malalamiko mikono mitupu.

"Umemwambia?" Phulwati alimwuliza walipotoka.

"Nimemwambia."

"Umesemaje?"

"Nimesema nimefika." Alianza kushuka, akiharakisha kupita alivyoruhusiwa na daktari. "Twende. Sukhlal anazeeka yule, asije akampa mtu mwingine makubazi yangu."