Mwenye Pasi Hajibu

Saa moja asubuhi, mvuke umeshajaa chumbani. Mama Pasi amesimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, anapitisha pasi juu ya kola ya shati jeupe. Pembeni yake Bi Mkunjo ananyunyizia maji shuka za nyumba ya wageni na kuzikunja. Bi Mkunjo anazungumza. Mama Pasi kafunga mdomo.

Hawajagombana. Ndivyo kazi inavyokwenda hapa kwa dobi, uani nyuma ya maduka: mwenye pasi hasemi. Anasema anayekunja. Kikapu kikiisha wanabadilishana, na zamu ya kusema inahama pamoja na pasi.

Sheria hiyo aliiweka mwenye duka hili la dobi zamani, baada ya wanawake hawa wawili kubishana habari za kufunga, nani anafunga kweli na nani anashinda njaa tu, mpaka suruali ya bwana harusi ikaungua goti.

"Ningewafukuza wote," anasema mwenye duka, mzee ambaye haonekani kanisani wala msikitini. "Lakini nani angepiga pasi? Nikawaambia, semeni mtakavyo, ila mwenye moto mkononi afunge mdomo. Mimi mwenyewe naomba umeme usikatike, basi."

Mama Pasi ni Mkristo, kwaya hailii bila yeye. Bi Mkunjo ni Muislamu, adhana ikisikika anaacha nguo palepale ilipo. Wanalipwa kwa kikapu, kwa hiyo hakuna anayeweza kukaa chini ili aongee vizuri. Wameongea wamesimama miaka yote hii: Yesu ni nani, kwa nini huyu anasujudu na yule anaimba, kama mtoto mchanga ana dhambi. Hakuna aliyemhamisha mwenzake.

"Zamani alikuwa hajafika katikati ya neno, nimeshamjibu," anasema Mama Pasi. "Sasa nina pasi mkononi, nifanyeje? Namsikiliza mpaka mwisho. Zamu yangu ikifika, nusu ya niliyotaka kumwambia naona haya kuyasema."

Ila mwaka huu aliuliza swali ambalo mpaka leo hajui kama anajuta au hajuti.

Mumewe, fundi viatu, alikuwa amefariki. Bi Mkunjo alifika msibani wa kwanza, akaosha vyombo, akalala chini na ndugu wa marehemu. Mama Pasi aliporudi kazini, akawa anakunja, akauliza: "Dada, kwenu mnavyoamini, mume wangu sasa hivi yuko wapi?"

Bi Mkunjo ndiye aliyekuwa na pasi. Hakujibu. Kikapu kilikuwa kimejaa shuka, akazipiga zote, hata foronya, hakuruka moja. Alipoweka pasi chini, jasho likimtoka, alisema: "Nilivyofundishwa mimi, aliyekufa nje ya dini yetu hana mahali pazuri. Wako wenzetu wanaolisema vingine. Ningeweza kukudanganya, dada. Ila hukuniuliza ili nikudanganye."

Akaongeza kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba yule bwana alimshonea viatu mara ngapi akakataa malipo. Hayo ya mwisho Mama Pasi anasema hakuyasikia. "Masikio yaliishia pale pa kwanza."

Siku zilizofuata wakapiga pasi na kukunja tu. Mwenye duka anasema kazi ilitoka nyingi kuliko kawaida, na yeye hakuifurahia.

Ubaya ni kwamba wawili hawa walikuwa na mpango. Walikuwa wameshapata chumba karibu na stendi, wafungue dobi yao wenyewe, kila mmoja atoe nusu ya kodi. Mmoja peke yake haiwezi. Mwenye nyumba anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Binti wa Mama Pasi aliposikia yaliyosemwa, akaja juu. "Mama, pesa yako ukaichanganye na mtu anayesema baba yuko motoni? Siku ya kufungua utamkaribisha nani, mimi?"

Mama Pasi akaenda kwa mchungaji wake. Alitegemea kupozwa moyo. Mchungaji akamsikiliza, akakuna kidevu, akamuuliza yeye anaamini nini kuhusu mama yake Bi Mkunjo, bibi aliyefariki siku nyingi.

"Nikamwambia, yule bibi alikuwa mtu wa Mungu, ndiye aliyekuwa akimsuka binti yangu nikiwa kazini. Mchungaji akasema, sikukuuliza hilo." Mama Pasi anatazama mikono yake. "Kumbe nimekula chakula cha yule bibi na moyoni nimeshamhukumu. Ni vile tu sikuwahi kuulizwa."

Kesho yake, zamu yake ya kusema ilipofika, alijikaza. "Dada, mimi na wewe hatuna tofauti. Nilivyofundishwa mimi, mama yako naye..." Hapo akakwama.

Bi Mkunjo akaivunja sheria. Akaisimamisha pasi pembeni. "Malizia."

"Siwezi."

"Mimi niliweza."

"Ndiyo. Na sijui nguvu uliipata wapi."

Kisha Bi Mkunjo akashika pasi tena. Kola ilikuwa imeshakauka, akainyunyizia maji upya.

Tangu siku hiyo maneno yamerudi, lakini yanatembea kwa kunyata. Ukimuuliza Mama Pasi kama amemsamehe mwenzake, anakuuliza amsamehe nini, ukweli? Ukimuuliza kama ameridhika, anatikisa kichwa.

"Nimechanganyikiwa, sitakuficha. Nikisema mafundisho yangu si kweli, namkana Mungu wangu. Nikisema ni kweli, nasimamaje meza moja na huyu? Na ninasimama. Asubuhi akichelewa, macho yangu yako mlangoni. Nasali nipewe mwanga, naletewa mashati."

Pasi iko chini ikingoja kikapu kingine; Bi Mkunjo anacheka kwa mbali. "Akiupata huo mwanga aniite na mimi. Kila siku nikimaliza swala, yule fundi viatu ananijia moyoni. Nataka kumwombea, na sijui kama ninaruhusiwa."

"Si umuulize shehe wako?" Mama Pasi anamwambia.

"Naogopa atanijibu."

Mwenye nyumba ameshatuma ujumbe mara mbili. Mama Pasi anakitaka kile chumba, na anamtaka Bi Mkunjo ndani yake, ila hataki kufungua mlango ambao binti yake hatauvuka. Binti amekubali kuja hapa Jumamosi, amwambie Bi Mkunjo usoni yale anayoyasema nyumbani.

"Amesema ana maneno mengi," anasema Mama Pasi, akikunja shuka ya mwisho. "Nimemwambia aje nayo yote. Atakunja, na Bi Mkunjo atapiga pasi, hatamkatiza. Halafu kikapu kikiisha, binti yangu atashika pasi."

Ananyoosha mkono kuipokea pasi kwa mwenzake, maana zamu yake ya kunyamaza imefika.