Aliyonyamazia Babu Yako Zakaria

Ipo Jumapili moja, mwanangu, naikumbuka kama vile tumetoka kanisani sasa hivi. Tulikuwa kwenye chumba cha kahawa cha kanisa letu kule Jakobsberg, theluji inayeyuka viatuni mwa watu, na babu yako Zakaria amesimama kwenye sinki na aproni ya maua, anaosha vikombe. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini vikombe hakumwachia mtu.

Wiki ile Frimasoni walikuwa wamemchagua awaongoze, hao ambao hapa Waswidi wanawaita frimurare. Wewe umezaliwa huku, hujui. Kwetu Bujumbura, na kwa Wakenya vilevile, ukitaja Frimasoni mtu anamvuta mtoto wake karibu. Wanasema ni watu wa shetani. Na Zakaria kila Alhamisi alivaa koti jeusi lenye mkia, glavu nyeupe na kofia ndefu, akashuka ngazi za nyumba yetu ya Husby, majirani wanachungulia. Nilimwuliza mnafanya nini huko. Akasema, "Tunasali, tunakula, tunachangia wagonjwa. Mengine niliahidi kunyamaza, Mama Anita." Nikanuna, nikamgeuzia mgongo.

Basi Jumapili ile Mama Debora, kiongozi wetu wa akina mama, akasimama. Alikuwa mtu wa Uvira, sauti yake haikuhitaji kipaza.

"Mzee Zakaria, chagua leo. Uzee wa kanisa, au hao rafiki zako wa kofia ndefu."

"Mama, mwache kwanza amalize vikombe!" akasema Baba Wanjiru, Mkenya mmoja wa utani. "Mkimfukuza saa hii, nani ataosha?"

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka. Huku ugenini kanisa ndilo lilikuwa ukoo wetu. Wakimtoa, tungekuwa watu wa nani?

Zakaria akafunga maji. "Unataka kujua nini, Mama Debora?"

"Mnafanya nini huko ndani?"

"Hilo siwezi kukuambia. Niliahidi. Nikivunja ahadi ya kule kwa kuwa umenikaba, za hapa nitazishikaje?"

Alisema taratibu, wala hakumkazia macho. Lakini Mama Debora akakaa. Akalia. Kisha akatuambia sote kwamba mwanawe Fabrice, tuliyedhani anasoma Göteborg, yuko gerezani, na anayempeleka yeye mama kumwona mwanawe kila mwezi ni Zakaria. "Hata mke wake hajui," akasema, akinitazama.

Kweli sikujua. Jumamosi moja ya kila mwezi alikuwa akitoka, nami nilidhani ameitwa tena kwa Frimasoni wake.

Habari ya kumtoa kwenye uzee ikaishia pale. Hakuna aliyeirudia.

Tangu tumzike, watu wananijia. Juzi alikuja Espérance wa Hagsätra, akaniambia Zakaria alivyokaa naye hospitali mtoto alipomfia tumboni. Kabla yake alikuja Lars, mwenzake wa Frimasoni, akalia jikoni kwangu, Mswidi mzima. Kila mmoja ananiletea kipande cha mume wangu ambacho sikuwahi kukiona. Nafurahi, halafu wakiondoka nyumba inakuwa kubwa mno. Siri zake sizitaki, mwanangu. Abaki nazo zote, mradi angekuwa hapa mezani, ananyamaza, namsikia akipuliza chai.

Uliniuliza kama uolewe na kijana asiyekuambia mambo yote ya rafiki zake. Mtazame vizuri. Kama anaficha ya kwake yatakayokuumiza wewe, mwache, tena mapema. Lakini kama anatunza ya mtu aliyemlilia, usimchokonoe. Mwekee chakula, kaa karibu naye. Mimi nilipoteza jioni nyingi kwa kununa, na jioni hizo ndizo ninazozitamani sasa.

Nenda kwa amani, mwanangu. Mungu akupe wa kunyamaza naye, na siku ya kuanza kumkumbuka aiweke mbali, mbali sana.