Nilitafsiri Uongo, Kisima Kikaenda Kijiji Kingine

Jamani, kosa ni langu. Mume wangu alinishawishi, ndiyo, lakini mdomo uliosema uongo ni wangu mwenyewe! Majina nimeyabadili.

Naishi huku juu Newala, kijijini. Maji hatuna. Wanawake wanashuka bondeni na ndoo, wanapanda mlima nazo kichwani. Wenye uwezo wananunua kwa mume wangu, anayeleta madumu kwa pikipiki. Biashara hiyo ndiyo iliyoezeka bati letu.

Mwaka juzi walikuja watafiti wa chuo kikuu. Walikuwa wanapita kijiji kwa kijiji kuuliza shida ya maji, ili wilaya ijue pa kuchimba kisima kwanza. Baadhi ya wazee wetu Kiswahili chao ni cha salamu tu, wanazungumza Chimakonde. Mimi nimefika kidato cha nne, nikaombwa kutafsiri.

Asubuhi ile mume wangu akaniambia, "Mama Shani, kisima kikichimbwa hapa, sisi tutakula nini?"

Nikamwelewa. Mungu wangu, nilivyomwelewa haraka!

Tukaingia kwa jirani yangu, bibi mmoja, Mama Salma. Alieleza kwa Chimakonde, kwa uchungu, akafunua goti lililovimba kwa ule mlima. Yule kijana wa chuo akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema zamani walipata tabu. Siku hizi maji yanaletwa mpaka mlangoni."

"Na goti?"

"Uzee tu."

Mama Salma akanitazama, akatabasamu. Alidhani nimemsemea kweli! Na kwa wazee wengine nilifanya vilevile.

Kisima kikachimbwa kijiji kingine.

Kiangazi kilichopita Salma, binti yake wa mwisho, alikuwa na mimba kubwa. Akashuka bondeni kama kawaida. Wakati wa kupanda akateleza, akaanguka na ndoo yake. Tulimpakia kwenye pikipiki ya mume wangu, ileile ya madumu, tukamkimbiza hospitali. Mtoto alitoka amekufa. Wa kiume.

Nilimpigia simu yule kijana wa chuo, aliyekuwa ameniachia namba yake, nikamweleza yote huku nalia. Akasema, "Dada, ripoti tulishakabidhi, na mimi sipo tena chuoni. Mbona hukusema siku ile?"

Nikakata simu.

Msibani Mama Salma alinishika mkono. "Wewe ulitusemea vizuri, mwanangu. Hao wasomi ndio wametusahau."

Mpaka leo sijamwambia ukweli. Nikipita namwamkia, "Shikamoo mama," ananiitikia, "Marahaba mwanangu," kwa upendo uleule. Heri angenitukana!

Ndugu msomaji, ukiombwa kumsemea mtu, sema alichosema yeye, hata kama kitakutoa tonge mdomoni. Mimi nimeshachelewa. Salma amepona, na jana nimemwona anashuka tena bondeni na ndoo.