Mikono Yenye Unga

Baba yangu mdogo alikuwa amevaa fulana ya usawa wa kijinsia siku aliyokuja kupima shamba la mama yangu. Fulana yenyewe ilikuwa nzuri, ya zambarau, na mgongoni iliandikwa kwamba mwanamke ni nguzo ya taifa. Alipoinama kuchomeka kigingi kwenye mpaka wa kahawa, maandishi yale yakatutazama mimi na mama tuliosimama kichanjani tukigeuza kahawa juani. Nguzo ya taifa ilikuwa inaambiwa itafute pa kwenda.

Baba alikuwa amefariki. Matanga yalipokwisha, baba mdogo alitamka mbele ya ukoo kwamba shamba ni la kaka yake, na mali ya kaka hurudi kwa ndugu. Kahawa yote ya pale Igamba ilipandwa na mama kwa mikono yake tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuhudhuria mikutano ya chama cha msingi na kurudi na habari. Mama alilima, alipogolea, alichuma na kuanika. Baba ndiye aliyekuwa mkulima.

Msidhani kwamba mama alikuwa hajafikiwa na serikali. Alifikiwa na awamu zote. Ile ya kwanza ilimwambia akina mama ni jeshi kubwa, ikamwita uwanjani kumpigia vigelegele mgeni wa heshima, na baada ya hotuba jeshi likarudi shambani na majembe yake. Ya pili ikaleta miradi ya akina mama: wakafundishwa kudarizi vitambaa vya makochi, ilhali katika nyumba zetu makochi yalikuwa bado hayajafika. Ya tatu ikaleta neno jinsia pamoja na semina zake. Ikatungwa pia sheria ya ardhi iliyosema mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Wanaume wa kijijini kwetu waliipokea vizuri sana sheria hiyo, wakaisifu, wakaiacha ofisini.

Ya nne ilikuja na hamsini kwa hamsini. Baba mdogo alipelekwa semina Vwawa na kurudi mhamasishaji wa jinsia, huku mkewe akimbebea begi. Ya tano ikasema ni wakati wa kazi, mama akauliza ni nani aliyekuwa amepumzika. Kisha nchi ikapata Rais mwanamke, tukashangilia kweli kweli, na mimi huko Tunduma nilifunga genge langu la mtaa wa Chapwa mapema ili nikasikilize redio na wenzangu. Siku hiyohiyo wanaume wa kijiji wakaanza wimbo wao mpya: "Mmeshapewa Ikulu, sasa mnataka nini tena?"

Mama alitaka shamba la kahawa.

Mimi nina hasira za karibu, nakiri. Nilipoviona vigingi vile nilitaka twende mahakamani kesho yake. Mama akakataa. "Wewe umezoea kugombana na madereva wa malori," akaniambia. "Hapa tunaishi na watu. Kesi iende kwenye baraza la ardhi la kijiji, kama anavyotaka baba yako mdogo."

Nikaona mama anajipeleka mwenyewe machinjioni. Mwenyekiti wa baraza lile ni rafiki mkubwa wa baba mdogo, na wajumbe wanaume wote ni watu wao. Kuna wajumbe wanawake watatu, maana sheria inataka hivyo, na inataka pia kwamba baraza lisiamue lolote kama wanawake wawili hawapo kikaoni. Lakini hao watatu nao mwenyekiti alijua namna ya kuwaweka. Tangu baraza lilipoundwa, kazi yao ni kupika chakula cha kikao. Nyuma ya ofisi ya kijiji kuna jiko la mafiga, nao hukaa huko tangu asubuhi. Wanaume huzungumza ndani. Ikifika wakati wa kuamua, mwenyekiti hutoka mlangoni na kuita, "Akina mama, njooni mnyooshe mikono!" Nao huja wakijifuta kwenye vitenge, wananyoosha, kisha wanawahi mchuzi usiungue. Kijijini kwetu moshi ukionekana, akidi imetimia.

Siku ya kesi nilipanda gari asubuhi kutoka Tunduma. Nikamkuta mama haketi na walalamikaji wala walalamikiwa. Yuko jikoni na wale watatu, anamenya vitunguu! Nikamvuta pembeni, nikamwambia ndiyo maana wanatunyang'anya, kwa sababu hata siku ya kesi yetu tunamenya vitunguu. Akanipa kisu na fungu langu.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni. Afisa maendeleo ya jamii alikuwa amekuja na simu kubwa kuonyesha wilayani jinsi wanawake wanavyoshiriki katika mabaraza ya ardhi. Kwa ajili yake mwenyekiti aliagiza chapati. Baba mdogo akazungumza ndani kwa muda mrefu, kwa Kiswahili chake cha semina, akisema anamheshimu sana shemeji yake na ndiyo maana anataka kumpunguzia mzigo wa shamba. Dirishani tulimsikia vizuri. Mama aliendelea kusukuma chapati.

Hatimaye mwenyekiti akatokea mlangoni. "Akina mama, njooni mnyooshe mikono!"

Hakuna aliyeinuka.

Mkubwa wa wale watatu, mama mwenye sauti nzito anayeimbisha kwaya kanisani, akajibu bila kugeuka: "Mwenyekiti, samahani, mikono ina unga."

Mwenyekiti akacheka, akarudi ndani. Baada ya kitambo akaja tena. Mikono ilikuwa bado ina unga. Akaja mara nyingine akiwa hacheki, akasema wanawe mikono basi. Akaambiwa chapati zikiachwa zitakauka, na mgeni wa wilaya hawezi kupewa chapati kavu, itakuwa aibu ya kijiji kizima. Maneno hayo alikuwa ameyasema yeye mwenyewe asubuhi, basi akarudi ndani.

Ndani, afisa akauliza wajumbe wanawake wako wapi. "Wapo," akaambiwa, na akaonyeshwa moshi. Akasema moshi hauwezi kupigwa picha. Bila wanawake kikaoni hana cha kutuma wilayani, na isitoshe uamuzi wenyewe hautasimama. Jambo la kwanza ndilo lililomshtua mwenyekiti zaidi.

Basi wanaume wakafanya ambalo sikutegemea kuliona maishani. Wakabeba mabenchi. Mwenyekiti, wajumbe na baba mdogo, wote wakahamia jikoni ili kikao kiende kwa akina mama kama akina mama hawaji kikaoni. Wakapanga mabenchi kuzunguka mafiga, moshi ukawageukia, wakawa wanatoa machozi mengi kuliko siku ya msiba wa baba yangu. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Wanaokubali shamba lirudi kwa ukoo..."

"Maji yameisha," akasema yule mama wa kwaya. Wajumbe watatu wakachukua ndoo zao wakaenda kisimani. Kisima chetu kiko bondeni kwa mbali, na njiani kuna watu wa kusalimia. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia wasiteke maji. Angeteka nani?

Kikao kikaahirishwa. Chapati zililiwa na kila mtu alizisifu.

Kikaitishwa kingine. Kukawa na maharage magumu. Kikaitishwa tena, kuni zikawa mbichi. Mwenyekiti alijaribu kuitisha kikao bila chakula, na wajumbe wanaume hawakutokea. Baba mdogo ameng'oa vigingi vyake, anasema anasubiri uamuzi. Na mama anaendelea kuchuma kahawa yake kila msimu, maana shamba lenye kesi haligawanywi.

Nilipomuuliza kama aliwaomba wale wenzake wamsaidie, alishangaa. "Niwaombe nini? Wote hao kahawa waliyopanda iko kwenye mashamba ya waume zao."

Nampongeza, na bado nakasirika. Serikali zote hizo, sera zote hizo, na mama yangu anamiliki shamba lake kwa kuahirishwa. Siku kikao kitakapokamilika, ataondoka. Nimemwambia hivyo kwa ukali kichanjani, mwezi uliopita, nikamwambia pia kwamba yeye hatakuwapo milele, na siku hiyo baba mdogo hatahitaji kikao.

Hakukasirika. Alichambua kahawa kidogo, akatupa mbovu. Kisha akaniambia kwamba yule mama wa kwaya miguu imemchoka na anataka kuachia nafasi yake barazani. Mwenyekiti anatafuta mwanamke mwingine wa hapa kijijini, mtulivu, anayejua kupika.

"Utulivu huna," mama akasema. "Lakini wanaangalia zaidi kupika."

Genge la Chapwa nimemwachia mwenzangu. Nimehamia Igamba, na kila jioni mama ananifundisha kupika maharage yasiyoiva.