Jino la Swabir

Hanifa alikuwa na studio ya picha Msambweni, chumba kimoja chenye pazia la buluu na kompyuta kuukuu. Watu walimpenda kwa sababu hakuna picha iliyotoka pale na chunusi.

Alasiri moja jirani yake, Bi Esha, aliingia akicheka na kulia kwa pamoja. Ilikuwa miaka miwili tangu mwanawe Swabir apotee. Mwezi uliopita wachimba mchanga wa Jego walifukua fuvu la mtu, na polisi wakamwambia mama huyo alete picha ya mwanawe inayoonyesha meno. Alikuwa nayo moja tu, ile Swabir aliyopigwa na Hanifa alipokuwa akiomba kazi hotelini Diani.

"Shikamoo, Bi Esha. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si yeye! Mtaalamu ameliweka fuvu juu ya picha kwenye kompyuta. Meno hayalingani, taya hazilingani. Swabir wangu yu hai. Picha yako imemwokoa!"

Akamshika uso kwa mikono miwili, kisha akaenda zake. Hanifa alibaki kitini.

Alikumbuka. Swabir alikuwa na taya pana, na jino moja la mbele lilipanda juu ya lenzake. "Linyoshe kidogo, dada Hanifa, wageni wasinicheke," alimwomba siku ile. Naye akalinyosha kwa kompyuta, na taya akazipunguza.

Alifunga mlango, akatafuta. Picha ya asili ilikuwepo bado.

Siku tatu hakumwambia mtu. Aliogopa polisi wangemfunga kwa kughushi. Zaidi aliogopa macho ya Bi Esha, ambaye sasa alipika mahamri kila asubuhi na kuwagawia watoto wa mtaa. Katika sala alisahau amefika rakaa ya ngapi.

Siku ya nne aliitia picha kwenye flashi, akaenda Matuga, ambako polisi walimpa chumba cha kazi yule mtaalamu, Musyoki.

"Nimekosa," alisema. "Picha mliyopewa si uso wake. Niliutengeneza."

Musyoki hakumfokea. Alivuta kiti. "Kaa, dada. Kama hutaki kuangalia, geuka."

Hakugeuka. Musyoki aliligeuza fuvu kwenye skrini mpaka likaelekea vile vile alivyoelekea Swabir, akauleta uso juu yake. Kisha akaufifisha kidogo kidogo. Mashimo ya macho yakatokea pale pale palipokuwa na macho, na jino likakaa juu ya lenzake. Hanifa akasogea karibu na skrini.

"Ni yeye?"

"Picha peke yake haitoshi kusema ni yeye. Ila sasa siwezi kukataa. Tutapima vinasaba vya mama, hivyo ndivyo vitakavyotupa jibu."

"Nani atamwambia?"

"Ni kazi yetu."

"Niacheni nimwambie mimi kwanza," Hanifa alisema.

Alimkuta Bi Esha akikuna nazi. Akamweleza yote. Bi Esha akaacha kukuna.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile uliponijia, mama. Leo ya nne."

"Siku hizo zote nimelala usingizi," alisema Bi Esha. "Tangu apotee sikuwa nikilala." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Vipimo vilirudi baada ya majuma sita. Alikuwa Swabir. Kilichomuua hakikujulikana.

Siku ya maziko Hanifa alikaribia kutokwenda. Alifika, akasimama nje ya ua wa Bi Esha, akingoja kufukuzwa. Mwanamke mmoja alimnong'oneza Bi Esha. Bi Esha akainua kichwa, akamtazama, kisha akasogea kidogo kwenye mkeka. Hanifa akavua viatu, akaingia.