Kitako cha Gorogoro

Mama yangu huuza omena, wale dagaa wadogo, katika soko la Kibuye, na mimi, msomi wa fizikia ya jua, humbebea magunia. Jumapili moja nilimfuata na kompyuta kwapani, maana kesho yake ningetetea utafiti wangu mbele ya walimu watatu. Kama ningeanguka, ningerudia mwaka mzima. Lakini woga sikuwa nao, nilikuwa na kiburi tu.

Wateja walipopungua nikamwonyesha mchoro. Nikamweleza kuwa jua likilipuka hutoa mwanga wa urujuanimno, ambao jicho halioni. Wengi hupima mistari michache inayong'aa sana. Mimi nilipima ule mwanga hafifu uliotanda kati ya mistari bila kukatika. Kwenye mchoro wangu, mlipuko ulikuwa mlima mrefu. Nikajisifu kwamba walimu wataanguka vitini.

Mama akaukodolea macho. "Kabla ilipuke, hiyo jua ilikuwa imezima?"

"Hapana, Mama. Ilikuwa inawaka kama kawaida."

"Na hiyo ya kawaida ulitoa?"

 Sikuwa nimeiondoa kwenye hesabu.

Akavuta gorogoro, kopo la kupimia, ya jirani yake aliyekuwa ameenda kunywa chai, akaigeuza. Kitako kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani, hila ya zamani sokoni: kopo linafurika omena juu, kumbe chini limeinuliwa.

"Nyathina," mwanangu, akaniambia, "mlima yako ndiyo hii."

Nilikaa juu ya gunia nikarudia hesabu, nikitoa mwanga uliokuwapo kabla ya mlipuko. Mlima ukaporomoka ukawa kichuguu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikakagua mara tatu, na kichuguu hakikuondoka. Kilikuwa kidogo, lakini cha kweli.

Kesho yake, mwalimu mkali kuliko wote watatu aliuliza swali lilelile la Mama, karibu neno kwa neno. Nikamjibu bila kumeza mate, na nikapita.

Jioni nikakimbilia Kibuye kumshukuru. Alikuwa anamfungia mteja wa mwisho omena zake. Nikaokota gorogoro yake nimsaidie kufunga kibanda, mkono ukapapasa chini. Kitako kilikuwa kimeingia ndani kuliko cha jirani. Nyani haoni kundule!

"Mama!"

Akaninyang'anya kopo haraka. "Nani alikufundisha kugeuza gorogoro ya watu?"

"Si ni wewe, Mama."

"Hiyo masomo iliisha jana. Beba gunia twende."