Nilivyomtengenezea mjomba mdeki wa gobore, nikamchubua mikono

Wakuu heshima kwenu, na walioamka na foleni za Dar nawapa pole.

Leo nina kisa changu mwenyewe, hakuna cha "rafiki yangu mmoja". Nikiweka chai humu, mjomba wangu ana simu janja siku hizi na atanisuta hadharani. Kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi naishi Ruangwa mjini, nina kibanda cha kava za simu na chaja. Wateja wangu wengi ni vijana wa machimbo ya Namungo, watu wa kupasua kioo kila wiki. Mungu awape maisha marefu.

Mjomba wangu, kaka wa mama, anaitwa Hashimu. Anaishi Kiegei kule Nachingwea, ana korosho, mihogo na shamba la karanga. Ana gobore pia. Lina kibali, kila mwaka analilipia, na karatasi zake amezifunga kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha ndoa.

Kazi ya gobore ni nguruwe pori basi. Na hapa niseme ukweli, nguruwe wa kwetu wana dharau. Wanajua kijiji kizima ni Waislamu, hakuna atakayewala, kwa hiyo wanaingia kwenye karanga wakitembea kama mabwana shamba.

Sasa mjomba macho yameanza kumchoka. Mwaka huu akatuita wapwa wake wawili, mimi na Bakari, mtoto wa mama mkubwa, ambaye yeye anaishi Nachingwea mjini na ni fundi wa kuchomelea mageti.

Akasema anataka kuanza taratibu za kumwachia mmoja wetu lile gobore, kihalali, kupitia ofisi ya kijiji na polisi. Kwetu, wakuu, mpwa kuachiwa kitu na mjomba si jambo dogo. Ni kusema mbele ya ukoo mzima kwamba huyu ndiye ninayemwamini. Mimi nililitaka sana. Nguruwe sina shida nao, nilitaka kutajwa jina.

Akatupa mtihani. Mdeki wa zamani, ile fimbo ya kushindilia, ulikuwa umeliwa na mchwa. Usumba wa kushindilia juu ya baruti nao umekwisha. Kila mmoja akatafute mdeki na usumba, turudi Ijumaa ya wiki inayofuata.

(Baruti na fataki mjomba anazo mwenyewe kwa kibali chake. Msinifuate inboksi kuulizia, mimi ni mtu wa chaja.)

Nikaanza na usumba. Nikajisemea, hizi ni nyuzi za makumbi ya nazi tu, nitakosaje?

Nilikosa. Nazi zinazofika Ruangwa zimeshafuliwa huko huko pwani. Nilizunguka soko zima naulizia makumbi. Mama mmoja wa nazi akaniuliza nataka kusugulia masufuria au nimeoa mwanamke asiyejua kusugua. Nikanunua nazi mbili kwa aibu nikaondoka.

Jioni nikakumbuka kitanda cha wageni kina godoro la zamani la usumba. Nikapasua pembe moja nikajaza mfuko. Mke wangu alipoona akasema, "Baba Rehema, ukishamaliza godoro utaingia kwenye mito?" Nikamwambia hajui mambo ya ukoo.

Mdeki nao nikaufuata Nambilanje, kuna mzee mmoja fundi wa mipini. Nilitaka mpingo, niingie Kiegei na kitu cheusi kinachong'aa, Bakari ajione. Yule fundi akacheka. Akasema mpingo mgumu lakini haupindi, ukiukosea unakatika. Akanipa mti wa mkole, mrefu, umenyooka vizuri, mwepesi, unapinda na kurudi.

Ulikuwa mdeki safi kabisa. Shida yake moja tu, ulikuwa mweupe kama mwiko wa ugali.

Wakuu, hapo ndipo shetani aliponipitia.

Jirani yangu alipaka nguzo za banda lake mafuta ya maganda ya korosho. Zimekuwa nyeusi tii, na mchwa hawazisogelei. Nikaona jibu limejileta lenyewe. Mchwa ndio walioua mdeki wa kwanza, mimi nampelekea mjomba mdeki usioliwa na mchwa, halafu mweusi kama mpingo.

Kwa wasio wa Kusini: mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kusoma. Wanaobangua korosho wanapaka majivu mikononi kwanza. Na mimi nilijua! Wakati wa kupaka nilivaa mifuko ya nailoni mikono yote miwili. Nikajidanganya kwamba yakikauka yanaisha nguvu. Nikauanika siku mbili, nikaufunga kwenye gazeti.

Ijumaa baada ya swala tukakutana Kiegei.

Bakari akatoa vyake. Mdeki wake ulikuwa nondo. Nondo ya kujengea, ameipiga msasa na kuichomelea kishikio cha geti. Usumba wake ulikuwa pamba ya duka la dawa, ipo kwenye karatasi yake ya bluu.

Mjomba akaitazama ile nondo muda mrefu. Akasema, "Bakari mwanangu, gobore hili ni mzee mwenzangu. Ukinshindilia kwa nondo utanpasua mbavu."

Nikacheka kwa ndani. Nikafungua gazeti langu.

Mjomba alisimama. "Huu nti umeupata wapi?" Akaupokea kwa mikono miwili, akaupapasa juu mpaka chini, akaupinda, akaurudisha. Akalichukua gobore likiwa tupu, akausukuma mdeki mtutuni mara nyingi tu, akifurahia unavyoteleza. Jua lilikuwa kali, akawa anajifuta jasho usoni kwa kiganja.

Pale alipojifuta nilitaka kumzuia. Lakini nilikuwa nasifiwa, wakuu. Mtu akisifiwa masikio yanaziba. Nikanyamaza.

Jumamosi mjomba akaanza kujikuna. Jumapili asubuhi viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, vidole haviwezi kufumba, na jicho la kushoto limevimba mpaka limefunga.

Majirani wakaja kumpa pole. Mmoja akasema ni upupu, mwingine akasema ni viwavi. Wakanigeukia mimi, mtu wa mjini, nasemaje.

Nikasema, "Upupu wa mwaka huu mkali sana."

Najua. Hata mimi nikiisoma hiyo sentensi najionea haya.

Na kibaya zaidi, karanga zilikuwa zimekomaa shambani na nguruwe wameshaanza kufukua ukingoni. Mwenye kibali ni mjomba peke yake, na mjomba hawezi kushika hata kikombe.

Sasa niwatambulishe mkaza mjomba, mke wake, tunamwita Mama Somoe, na Somoe ni jina lake mwenyewe. Mama wa maneno machache. Amebangua korosho tangu ni msichana, vidole vyake vina alama mpaka leo.

Asubuhi ile alikuwa anafagia barazani. Akafika pale mdeki ulipoegemezwa ukutani. Akainama akaunusa. Akaendelea kufagia kama hakuna kitu.

Baadaye kidogo akaushika kwa pindo la kanga, akanijia. Mjomba amekaa kwenye jamvi, Bakari yuko pembeni anakunywa uji.

"Mpwa, hebu nishikie huu, nifagie pale chini."

"Uweke tu hapo, Mama Somoe."

"Si kidogo tu jamani. Shika."

Watu wote wananitazama. Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukajirudisha ndani ya mkono wa kanzu. Nikaupokea mdeki kwa kitambaa cha kanzu.

Mjomba akatazama kanzu yangu kwa lile jicho moja. Akatazama viganja vyake. Akaniuliza taratibu, "Mjomba, unaona baridi?"

Bakari uji ulimtokea puani.

Nikakiri pale pale. Nililia kidogo, siwafichi. Mtu niliyetaka aniamini nilikuwa nimemchubua ngozi, halafu nikasingizia mmea.

Mjomba hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu. "Wewe ulipokuwa unapaka, ulivaa nini?"

"Mifuko ya nailoni."

"Mmoja kila nkono?"

"Mmoja mmoja kwanza. Halafu nikaongeza."

Akaanza kucheka, akawa anaumia usoni kwa kucheka. "Mungu kanipa wapwa wawili. Mmoja kaniletea nondo ya nyumba, mwingine kaniletea dawa ya nchwa!"

Bakari akampeleka zahanati kwa pikipiki, akapewa dawa ya kupaka. Adhabu yetu ilikuwa karanga. Siku kumi na moja, mimi nimefunga kibanda, Bakari ameacha mageti ya watu, kila alfajiri tunazunguka shamba tukipiga madebe na kupiga kelele. Kuna nguruwe mmoja dume alikuwa anasimama anatusikiliza kwanza, kama anatoa maksi, ndipo anaondoka.

Mdeki wangu Mama Somoe aliufukia. Hata kuuchoma alikataa, moshi wake nao haufai. Akaenda mwenyewe porini, akarudi na mkole, akaumenya kwa panga, akausugua kwa mafuta ya ufuta. Kazi ya asubuhi mbili. Mimi nilienda mpaka Nambilanje.

Nikamuuliza usumba atautoa wapi, maana wangu nao niliufungia gazeti moja na ule mdeki. Akaniingiza ndani akaninyanyulia shuka. Godoro lake la tangu anaolewa limebaki unene wa mkate wa chapati upande mmoja. Miaka yote hiyo alikuwa analichomoa yeye, anazikausha nyuzi, anazisokota, anamwekea mjomba kwenye kopo. Mimi na Bakari tumekula nyumba ile tangu utotoni na hatukuwahi kujiuliza.

Mjomba alipopona tukaongozana wote wanne ofisi ya kijiji. Mimi bado nilikuwa na tumaini kidogo, si nilikuwa nimekiri? Bakari naye alikuwa amenyoa.

Mtendaji akashika kalamu, akauliza jina la anayeombewa.

Mjomba akasema, "Somoe, binti Issa."

Mtendaji akatutazama sisi wanaume wawili. Mjomba akamwambia, "Andika. Hao nimewaleta wasaidie kubeba karanga."

Taratibu zake bado zinaendelea polisi, na mama wa watu ameshapiga picha pasipoti. Niliumia, nisiseme uongo. Nikakaa njia nzima ya kurudi Ruangwa nikitafuta sababu ya kulalamika, na sikuipata hata moja.

Funzo nililopata: ukiona unavaa nailoni kushika zawadi, hiyo zawadi usimpe mtu. Na kosa likishatokea, sema siku hiyo hiyo, usimsubiri Mama Somoe akushikishe.

Kingine, kabla hujaenda kutafuta vitu mbali, muulize aliyekuwa anavileta.

Mjomba amenisamehe kabisa. Ila wiki iliyopita alikuja mjini kununua chaja, nikampa mkono. Akautazama, akaugeuza, akaunusa, ndipo akaushika.

Wakuu, uwanja wenu. Mniseme mnavyotaka, nimestahili. Na kama kuna mwenye godoro kuukuu la usumba analitupa, asilitupe. Kuna mama Kiegei analala kwenye kamba za kitanda.